Si Kila Homa ni Malaria

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, mkulima mwenye busara anajua kwamba mawingu mengi hupita bila ya kudondosha tone. Katika uganga, homa ni wingu la namna hiyo. Kule Ukonga na Gongo la Mboto, kama katika sehemu nyingine za Dar es Salaam, kwa miaka mingi mtoto aliyechemka mwili alihesabiwa kuwa na malaria kabla hajafikishwa zahanati. Mama aliamini hivyo, jirani aliamini hivyo, na mara nyingi mganga naye aliamini hivyo.

Mazoea hayo hayakutokana na ujinga. Malaria imeua watu wengi nchini, na bado inaua. Lakini akili ya binadamu hukimbilia jibu inalolikumbuka upesi, na ikisha kulipata huacha kutafuta jingine.

Hasara yake imepimwa. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4474 walikuwa wamelazwa wakitibiwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa kwa makini kwa darubini, chini ya nusu yao ndio waliokutwa na vimelea. Katika kila wagonjwa 100 waliokuwa na vimelea walikufa karibu 7. Katika kila 100 wasiokuwa navyo walikufa karibu 12. Yaelekea wengi wa hao wa pili walikuwa na ugonjwa mwingine. Tena, mwaka 2014 ilitangazwa kwamba kati ya watoto 1005 wenye homa waliochunguzwa Dar es Salaam na Ifakara, waliokuwa na malaria walikuwa kama mmoja tu katika kila 10. Wengi walikuwa na maradhi ya njia ya hewa.

Kwa nini uzoefu wa miaka mingi haukulisahihisha kosa hili? Sababu ni kwamba homa nyingi zinazoletwa na virusi hupoa zenyewe baada ya siku chache. Mtoto hupewa dawa ya malaria, siku ya tatu anacheza, na watu wote huisifu dawa. Akifa, husemwa kwamba malaria ilikuwa kali. Basi apone au afe, dhana ya kwanza huthibitishwa. Uzoefu usioweza kumkosoa mtu haumfundishi. Humzidishia ukaidi tu.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Ushauri huo ni mwema, na mtoto mwenye homa yampasa apimwe bila ya kuchelewa. Lakini kipimo peke yake hakitoshi. Vipimo vya haraka vilipoenezwa katika vituo vya Dar es Salaam, matumizi ya dawa za malaria yalipungua sana, ila utoaji wa antibiotiki ukaongezeka, ingawa dawa hizo haziui virusi. Jibu moja la mazoea lilipoondolewa, jingine lilikalia kiti chake.

Kwa hiyo dawa ya kosa hili haimo katika chupa wala katika maabara peke yake. Imo katika swali fupi: "Kama si hili, ni nini jingine?" Swali hilo halina budi kuanza kufundishwa katika shule za sekondari, mapema kabla ya chuo cha uganga. Mwalimu wa elimuviumbe anayempa alama mwanafunzi kwa jibu la haraka tu, asimwulize ni ushahidi gani ungelivunja jibu hilo, anamzoeza kosa lile lile. Miongoni mwa wanafunzi wa leo wamo waganga wa kesho, na wagonjwa wao watakuwa watoto wa Ukonga.