Mwimbaji wa Kijijini Naye Ana Jina

Sindimba ni ngoma ya Wamakonde, wenyeji wa uwanda wa juu ulio kusini mwa Tanzania, kaskazini ya Mto Ruvuma. Uwanda huo hukatika ghafla upande wa magharibi: Newala iko juu ukingoni, Masasi iko chini kwenye nchi ya vilima vya mawe, na Chiwata iko kati ya miji hiyo miwili. Katika vijiji vya huko Wamakonde huishi na Wayao na Wamakua, huoana na kualikana, na ngoma zao zimekaa jirani muda mrefu hata mtoto huzijua nyimbo za lugha zaidi ya moja kabla hajajua kusoma.

Ngoma hiyo haipigwi na mtu mmoja. Ipo chinganga, ngoma ndogo nyembamba yenye mguu uliochongwa ncha, ambayo huchomekwa ardhini na kupigwa kwa vijiti. Hiyo ndiyo inayoshika mwendo bila kuchoka. Zipo na kubwa zake, zinazopigwa kwa viganja, nazo ndizo zinazosemezana na mchezaji. Kabla ya kuanza huwashwa moto wa nyasi kavu, ngozi zikaelekezwa kwenye joto. Mpigaji hugonga kidogo, huinamisha sikio, huirudisha motoni, hugonga tena. Umande wa usiku ukiilegeza ngozi, uchezaji husimama mpaka ngoma ipate moto upya, na hakuna anayenung'unika, maana kila aliyepo anaijua sauti inayosubiriwa. Anayedhani kuwa hizo ni kelele za watu wasio na shughuli na akae robo saa kando ya moto ule. Sikio la mzee anayewamba ngoma limefunzwa kwa miaka mingi kama la fundi yeyote wa studio ya Dar es Salaam.

Baada ya uhuru sindimba ilipata umaarufu ambao ngoma chache za nchi hii ziliupata. Desemba 1962 Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba wasomi walikuwa mabingwa wa rumba na twist huku ngoma za kwao hawazijui. Katika miaka iliyofuata kundi la taifa la ngoma liliipandisha sindimba jukwaani, shule nyingi ziliifundisha, na ikawa miongoni mwa ngoma walizochezewa wageni wa serikali. Lakini katika safari hiyo iliacha vitu viwili njiani. Kwanza iliacha maana. Kiuno kilichokuwa na mahali pake katika furaha ya watu wanaowapokea vijana kutoka jandoni na wali kutoka unyagoni, mjini kiligeuka kuwa ndiyo ngoma nzima. Wengine wakakishangilia, wengine wakakilaumu kuwa ni aibu, na pande zote mbili hazikuwauliza wenyewe. Pili iliacha majina. Ilitangazwa kuwa ni ngoma ya Wamakonde, basi. Manju aliyeutunga wimbo na mpigaji aliyeutia mkono wake walibaki nyumbani bila kutajwa.

Jina si jambo dogo, na historia ya Masasi yenyewe inaonyesha. Mwaka 1906, vumbi la Vita vya Maji Maji likiwa halijatulia, Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu na silinda za nta. Alinasa nyimbo, akaenda nazo Ujerumani, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha safari yake. Humo ametajwa mwimbaji mmoja kipofu wa Masasi, Sulila. Ni zaidi ya miaka 100 sasa, na mtu huyo hajapotea, kwa sababu moja tu, kwamba mpita njia aliliandika jina lake. Waimbaji wangapi wamezikwa Chiwata, Lulindi na Kitangari tangu siku hizo, wenye sauti kama yake au kuishinda, ambao hakuna aliyewaandika? Hao walikuwa na jamaa na majirani waliojua kalamu. Ni vigumu kuliona jambo hilo bila kuona haya.

Leo jina linalotajwa kuliko yote kutoka uwanda wa Wamakonde ni la mwanamuziki Harmonize. Rajabu Abdul Kahali, maana ndilo jina lake, alizaliwa mwaka 1994 Chitoholi, wilayani Tandahimba. Alijulikana mwaka 2015 kwa wimbo "Aiyola" akiwa chini ya WCB Wasafi, lebo ya muziki ya Diamond Platnumz, na mwaka 2018 wawili hao wakaimba pamoja "Kwangwaru", uliovuma Afrika Mashariki nzima. Mwaka 2019 alijitoa akaanzisha lebo yake, Konde Music Worldwide, na mwaka uliofuata akatoa albamu ya Afro East. Vijana wanajiita Konde Gang bila kigugumizi. Hilo linastahili kusifiwa kwa sauti, kwa kuwa miaka mingi neno Mmakonde lilitumiwa mijini kumcheka mtu, chale zake na ndonya ya mdomoni mwa bibi yake. Msanii aliyelichukua neno lililodharauliwa akalifanya kuwa nembo ya biashara amewafanyia watu wa kwao jambo ambalo hotuba nyingi hazikuliweza.

Kuna jambo jingine katika habari zake ambalo wapenzi wa muziki huko kusini hawalizingatii. Harmonize alieleza hadharani kwamba kuondoka kwake kulimgharimu shilingi milioni 500, ili awe na haki ya jina lake na nyimbo zake. Jina na nyimbo, basi, ni mali yenye bei. Sasa achukuliwe manju wa kijijini. Yeye pia hutunga. Nyimbo za ngoma hazikushuka zote kutoka kwa mababu. Kila mwaka huongezwa mpya, juu ya bei ya korosho mnadani, juu ya kijana aliyekwenda Dar es Salaam akasahau kwao, juu ya kiongozi aliyeahidi maji. Ngoma ndiyo iliyokuwa gazeti la kijiji kabla ya gazeti. Wimbo huo hurekodiwa kwa simu na mgeni wa arusi, hurushwa, husikilizwa na maelfu, na mtunzi hana habari.

Wapo wanaosema kwamba ngoma ni mali ya wote na haina mwenyewe. Ni kweli kwa ngoma, si kweli kwa wimbo uliotungwa juzi na mtu aliye hai. Hata ile ya pamoja haikuachwa wazi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoianzisha COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara ovyo. Wapo pia wanaohofu kwamba kurekodi kutaianika siri ya jando na unyago. Hofu hiyo ni ya haki na isipuuzwe. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, alikuwa mgeni, na bado aliona kwamba jando halifai kufutwa, akataka liendeshwe kwa namna ya Kikristo. Aliitambua shule alipoiona. Ya ndani na yabaki ndani, na mpaka wake uwekwe na makungwi na wazee, asiuweke mwenye simu. Ngoma ya uwanjani, ambayo kila mtu huitazama, ni jambo jingine.

Njia ya kuwatukuza wenye kazi hii haiko mbali. Mwaka 2008 lilianzishwa Mtwara tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limeunganishwa kutoka kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao. Tamasha peke yake halitoshi. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, fedha huingia mikononi na sherehe huwa nyingi. Mwenye sherehe hulipa spika za kukodi na dijei kabla hazijawashwa, lakini wapigaji ngoma huambulia pombe na kutunzwa noti mbili tatu. Bei yao na ikubaliwe mapema, kama ya dijei. Watangazaji wa redio za kusini na wamhoji manju kama wanavyomhoji nyota aliyetoka mjini: alijifunza kwa nani, ametunga nini mwaka huu. Walimu wanaofundisha sindimba kwa ajili ya mashindano na wawaalike wenye ngoma darasani, wawalipe. Na kijana mwenye simu, anapotaka kurekodi, kwanza aombe ruhusa. Kisha, kabla ngoma haijalia, amwache mwimbaji ataje mwenyewe jina lake, kijiji chake, aliyemfundisha na mwaka.