Peugeot ya Marehemu Baba

Barua tuliyoichagua wiki hii yatoka kwa binti anayeuliza juu ya pikapu ya marehemu babake, Peugeot 504, iliyokaa chini ya mwembe tangu mzee alipofariki. Kaka zake wataka iuzwe kama chuma chakavu. Mama yao, ambaye hupika biriani za arusi na hukodi gari kila mwisho wa juma kubebea masufuria, asema ifufuliwe.

Kabla ya kumwita fundi, liko la mirathi. Gari hilo ni mali ya warithi wote, na kila mmoja ana fungu lake hata katika kile kinachoonekana kuwa kutu tupu. Lithaminiwe hivi lilivyo, halijaguswa, na bei iandikwe. Mama akitaka kubaki nalo, awalipe wenzake mafungu yao, au wamwachie kwa ridhaa. Likitengenezwa kwanza kisha ndio wagawane, haitajulikana pesa za mama zimeishia wapi na urithi umeanzia wapi. Hapo ndipo ndugu hunyimana salamu. Wasipoafikiana, Mahakama ya Kadhi ipo. Na hati ya umiliki ibadilishwe jina mapema.

Je, gari lenyewe lastahili? Kwa maoni yangu, ndiyo, ikiwa chini halijaoza. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na pikapu ikafuata zaidi ya miaka kumi baadaye; nyingi ziliunganishwa papa hapa Mombasa. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na wazee wetu hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Springi zake za nyuma ni za mabapa, zahimili mzigo. Tena injini yake ya petroli ina silinda zinazochomoka, hivyo zikilika hubadilishwa pamoja na pistoni zake, bila kulichonga bloku.

Adui mkubwa huku pwani ni chumvi. Binti achukue sumaku ndogo aipitishe mwilini mwa gari: isiponasa, hapo pamezibwa kwa udongo na kupakwa rangi juu. Kisha fundi alale chini, agonge mihimili kwa nyundo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, pengine nyundo ikapenya. Aangalie pia vitundu vya chini ya milango, kwani vikizibwa na taka, maji ya mvua hubaki ndani yakala bati polepole. Mihimili ikiwa imekwisha, kaka zake wana haki, na liuzwe.

Ikiwa mizima, pesa zifuate mpangilio huu: breki kwanza, pamoja na mafuta yake, maana hunyonya unyevu yakikaa; kisha usukani na tairi; kisha kutu ikatwe na bati jipya lichomelewe, kwani kuipaka kutu rangi ni kuifunika tu. Petroli ya zamani imwagwe na tangi lioshwe kabla ya kujaribu kuwasha, la sivyo uchafu wote utakwenda kwenye kabureta. Rangi ije mwisho kabisa. Jihadharini na fundi anayetaka kuanza na rangi, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mteja alipe akiwa anatabasamu. Alipwe kwa kila kazi iliyokamilika, na vipuri mvinunue wenyewe, vile vya zamani mrudishiwe mvione.

Mapambo yafuate kazi ya mama. Sakafu ya nyuma itandikwe mbao ili masufuria yasiteleze. Pembeni ziwekwe pete za kufungia kamba, na juu turubai linaloweza kukunjwa. Viti vyaweza kushonwa na fundi cherehani wa mtaani kwa kitambaa kigumu, na vikapendeza kuliko vya dukani. Dashibodi ya mzee isiguswe. Iachwe na mikwaruzo yake.

Binti ameuliza pia kuhusu rangi. Nyeupe haishiki joto sana, na chakula kitakuwa nyuma. Lakini wakichagua nyingine, wakumbuke kwamba rangi ya gari imeandikwa katika hati, na mamlaka ya usafiri hupaswa kuarifiwa ikibadilika.