Ziara ya Masomo: Twende Kujifunza, Tusiende Kutazama

Miongoni mwa njia za kufundishia masomo ya jamii, ziara ndiyo isifiwayo sana na kutayarishwa kidogo sana. Gari hukodiwa, watoto hubeba chakula, safari hufanyika, na jioni wote hurejea wamechoka kwa kuimba huku madaftari yao yakiwa matupu. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wanafunzi kwamba kasoro hii haitokani na uhaba wa fedha peke yake. Kubwa zaidi ni kwamba tunawapeleka watoto kuwatazama watu, wala hatuwapeleki kujifunza kwao.

Tuchukue mfano wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Mtoto wa Mji Mkongwe au wa Ng'ambo akitajiwa jina hilo, hukumbuka Mwaka Kogwa tu: wanaume wanaopigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachotiwa moto, na wanawake wanaoimba. Sherehe hiyo, ambayo siku hizi huangukia mwezi wa Julai, huupokea mwaka mpya kwa hesabu ya Nairuzi, nayo ina maana nzito kwa wenyewe. Lakini ni ya siku chache. Siku nyingine zote watu wa Makunduchi huvua, hulima katika ardhi ya mawe, husuka ukili na kulea watoto. Mtoto aliyeona sherehe akadhani ameijua Makunduchi ni sawa na mgeni aliyehudhuria harusi akadhani ameijua ndoa.

Tuizingatie kazi moja tu, ile ya kamba. Kina mama wa pwani ya kusini na mashariki huzika makumbi ya nazi katika mchanga ufunikwao na maji ya bahari, wakayaacha kwa miezi kadhaa mpaka yakalainika. Kisha huyafukua na kuyaponda hadi zikabaki nyuzi za usumba, nazo husokotwa zikawa kamba. Mwalimu mwenye macho ataona humo sayansi ya kuoza kwa vitu, jiografia ya kujaa na kupwa kwa maji, hesabu ya vipimo na uchumi wa nyumba. Hayo ni masomo ya wiki mbili, na mwalimu wake ni mama ambaye huenda hakupata kukaa darasani.

Wageni wamekwisha kuujua utajiri wa namna hii. Wako wanafunzi wa Marekani wasafirio hadi Nepal na India, wakakaa na jamaa za Watibeti ambao jumuiya yao ya ugenini ilikua baada ya Dalai Lama kukimbilia India mwaka 1959. Hapa kwetu, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa mwaka 1979 na ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imewafundisha Kiswahili wageni wengi. Hatusemi kwamba safari hizo hazina dosari. Mwenye nauli ndiye asafiriye. Mkimbizi anayempokea si rahisi naye kufunga safari kwenda kumchunguza mgeni wake kwao. Hata hivyo liko jambo la kuigwa: mgeni wa kweli huanza na lugha ya mwenyeji.

Na hapo ndipo penye jeraha letu. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja cha Mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimakunduchi, ambacho wenyewe hukiita Kikae, kilibaki nje ya mlango wa darasa. Watoto wa Mjini hukicheka, na lililo baya zaidi, wako walimu wanaocheka nao. Mtoto anayechekwa hujifunza kunyamaza, na akinyamaza huandikiwa kwamba ni mzito wa akili. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limekwisha kutoa kamusi ya lahaja hiyo. Skuli nazo hazina udhuru wa kuidharau.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mwalimu aende peke yake kabla ya watoto, apige hodi kwa sheha na kwa wazee, aeleze anachotaka, na aulize yasiyofaa kuonwa wala kupigwa picha. Pili, watoto wajifunze maamkizi ya Kikae kabla ya safari, ili wa Mjini ndiye agugumie na wa Makunduchi ndiye amsahihishe. Tatu, kila kundi la watoto wanne au watano lipewe mwenyeji mmoja na kazi moja, waifanye kwa mikono yao, na maswali wayatunge wenyewe. Nne, deni lilipwe: yaliyoandikwa yarejeshwe kijijini, yasomwe mbele ya wenyeji na kusahihishwa nao, kisha watoto wa huko waalikwe Mjini wauulize na wao.

Watakuwepo watakaosema kwamba mitihani haituachii nafasi na nauli ni ghali. Hoja hizo ni za haki, lakini hazifungi njia. Wako wazee wengi wa Makunduchi wanaoishi Ng'ambo, mwendo wa miguu kutoka skuli nyingi za Mjini. Mwalimu na aanze na hao.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitahadharisha juu ya skuli inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aone kwamba wazee wasiosoma hawana la kumfunza. Nanyi walimu wanafunzi, mtakapopangiwa skuli zenu, wengine mtapelekwa shamba na kujiona mmetupwa mbali. Watoto watakuangalieni mnavyoitikia salamu za bibi zao, na kutokana na hilo watajua kama mmefika kufundisha tu, au na kujifunza pia.