Kutuma Mashine Kupekua Tovuti: Dhamana ni ya Aliyeituma

Vijana wetu wengi waliosoma elimu ya kompyuta wanaandika hivi leo programu fupi, ziitwazo skripti, ambazo kazi yake ni kutafuta habari katika tovuti badala ya mtu. Zamani mtu aliketi mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa, akaandika anachokitafuta, akasubiri jibu, akalinakili, kisha akaanza upya. Skripti hufanya hayo yote peke yake, usiku na mchana, wala haichoki. Anayetafuta nafasi za kazi, mfanyabiashara anayelinganisha bei, mwanafunzi anayekusanya makala za utafiti, wote wanapata wepesi mkubwa katika jambo hili.

Swali linalotukabili ni hili: kwa kuwa tovuti imeachwa wazi kwa kila mtu, je, ni haki kuituma mashine iipekue kadiri mwenyewe apendavyo? Wako wanaojibu upesi kwamba kilichowekwa hadharani ni cha wote. Wako pia wanaosema, kwa upesi ule ule, kwamba kila skripti ni wizi. Kwa maoni yetu, kauli zote mbili zimekosea.

Na tuangalie tangi la maji ya kutawadhia lililo nje ya msikiti. Limejazwa kwa ajili ya kila ajaye, na hakuna anayesimama hapo kuuliza majina. Hata hivyo, akija mtu na gari na mpira mrefu, akayavuta maji yote kuyapeleka kwenye ujenzi wake, hakuna hata mmoja wetu atakayeikubali hoja yake kwamba bomba halikuwa na kufuli. Ruhusa ya kutumia haikuwa ruhusa ya kukomba. Tovuti nayo ni vivyo hivyo. Nyuma yake ipo kompyuta iitwayo seva, ambayo kila ikiulizwa hutumia nguvu kujibu, na yuko anayelipia gharama hiyo. Binadamu hufungua kurasa chache kwa dakika. Skripti isiyowekewa kiasi huweza kuomba mamia katika muda huo huo, na seva ndogo ya shule au ya taasisi ya hisani ikaelemewa hata wengine wote wakakosa huduma.

Jambo hili si geni. Mwaka 1999, huko California nchini Marekani, kampuni ya mnada wa mtandaoni ya eBay iliishitaki kampuni iitwayo Bidder's Edge, ambayo roboti zake ziliingia katika tovuti ya eBay mara zipatazo 100,000 kwa siku kukusanya bei. eBay ilipozifungia njia, Bidder's Edge ilipitia kwenye kompyuta nyingine ili isitambulike. Mzigo wenyewe haukuwa mkubwa, kwani kwa madai ya eBay haukuzidi asilimia 1.53 ya maombi yote. Lakini Jaji Ronald Whyte alizuia upekuzi huo, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba mmoja akiachiwa, wengine watafuata, na mzigo wao wote kwa pamoja utaiangusha seva. Hukumu hiyo imejadiliwa sana na wanasheria, na wako wasioikubali. Hata hivyo, hoja ya kujiuliza "je, kila mtu akifanya kama mimi itakuwaje?" inabaki kuwa kipimo kizuri kwa mtu mwadilifu.

Na leo tunaona majibu ya swali hilo. Mwezi Aprili 2025, Shirika la Wikimedia, linaloendesha Wikipedia ikiwemo ile ya Kiswahili, lilieleza kwamba asilimia 65 ya maombi yenye gharama kubwa zaidi kwa seva zake yalitokana na roboti, ambazo nyingi hukusanya maandishi na picha kwa ajili ya kufundishia programu za akili bandia. Shirika hilo huendeshwa kwa michango ya watu. Kwa hiyo sehemu ya sadaka ya mtu wa kawaida inakwenda kulipia upekuzi wa makampuni yenye mali nyingi.

Mfano wa pili unahuzunisha. Kijana Aaron Swartz, Mmarekani aliyeamini kwamba elimu isifungiwe kwa fedha, alitumia skripti kupitia mtandao wa chuo cha MIT mwaka 2010 na mwanzoni mwa 2011, akapakua mamilioni ya makala za kitaaluma kutoka hifadhi ya JSTOR. Kila alipozuiwa, alibadilisha utambulisho wa kompyuta yake. Matokeo yake, mwezi Oktoba 2010 JSTOR iliifungia MIT yote kwa siku kadhaa, na watafiti wasiohusika wakakosa makala zao. Swartz alikamatwa Januari 2011. JSTOR yenyewe ilimalizana naye bila ya kumpeleka mahakamani, lakini serikali iliendelea kumfungulia mashitaka mazito yaliyofikia makosa 13. Tarehe 11 Januari 2013, kabla kesi haijasikilizwa, alijiua akiwa na umri wa miaka 26.

Sisi tunaona makosa pande mbili. Nia njema haikumwondolea kijana yule wajibu wa kufikiria watu waliodhurika kwa njia aliyoichagua. Kadhalika, dola iliyomwandama kwa kosa la kupakua makala kana kwamba ni jambazi haikutenda uadilifu. Hasa tukikumbuka kwamba mwezi Januari 2020 ilifichuka kuwa kampuni ya Clearview AI imekusanya, kwa maelezo yake yenyewe, zaidi ya picha bilioni tatu kutoka Facebook, YouTube na kwingineko, bila ya idhini ya wenye sura zao, na huduma yake ya kumtambua mtu kwa uso ikawa inatumiwa na polisi. Mwenye nguvu hukusanya nyuso za watu akafanya biashara. Mnyonge hukusanya makala akasimamishwa kizimbani.

Je, basi tuziache skripti? Hapana. Injini za utafutaji tunazozitumia kila siku zisingekuwepo bila ya roboti zinazotembelea tovuti. Kinachotakiwa ni adabu, na adabu hiyo inajulikana.

Kwanza, soma faili liitwalo robots.txt, ambamo mwenye tovuti hueleza sehemu ambazo hataki roboti ziingie. Utaratibu huu ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, na mwaka 2022 ukaandikwa kuwa kanuni rasmi ya intaneti. Faili hilo si kufuli; linategemea uungwana wa mgeni.

Pili, jitambulishe. Skripti inaweza kutaja jina lake na anwani ya barua pepe ya mwenyewe kila inapobisha hodi. Anayejificha amekwisha kukiri moyoni kwamba asingeruhusiwa.

Tatu, nenda taratibu. Weka sekunde kadhaa kati ya ombi moja na jingine, hifadhi ulichokwisha kupata ili usikiombe tena, na chagua saa ambazo watu ni wachache. Seva ikikujibu kwa namba 429, maana yake umezidisha maombi. Simama, usitafute mlango wa nyuma.

Nne, uliza. Tovuti nyingi zina njia maalumu waliyowekewa watengeneza programu, na barua moja kwa mwenye tovuti huweza kukupatia faili zima usilohitaji kulipekua.

Tano, ogopa taarifa za watu. Jina, namba ya simu na picha, kila kimoja mahali pake, huenda visidhuru. Vikikusanywa katika orodha moja huwa silaha ya matapeli. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Wenzetu wa Kenya nao wanayo sheria ya kulinda taarifa tangu 2019. Kijana anayedhani kwamba anacheza tu na kompyuta chumbani kwake azifahamu sheria hizo.

Shime basi, enyi vijana. Elimu mliyonayo ni neema, na wazee wenu hawakuijua. Lakini mashine haina dhamiri. Haijui jirani wala haioni haya. Dhamiri ni ya yule aliyeiandika, akabonyeza, kisha akaenda kulala huku ikifanya kazi. Kabla ya kubonyeza, na ajiulize: mwenye tovuti hii angekuwa ameketi kando yangu, ningelifanya hili mbele ya macho yake?