Mgonjwa wa Figo na Sahani Yake

Tangu Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, matumaini ya wagonjwa wa figo yamekua. Hata hivyo, wengi ambao figo zao zimeshindwa kazi hutegemea mashine ya kusafishia damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara. Gharama ya mashine hiyo hujadiliwa sana, na ni haki ijadiliwe. Kinachosahauliwa ni sahani ya mgonjwa.

Mashine haina akili ya kubagua. Pamoja na sumu, huchuja amino asidi zinazojenga protini, gramu 6 hadi 12 kila mgonjwa anaposafishwa, sawa na protini ya yai moja au mawili. Kwa hiyo mgonjwa mwenye kilo 60 huhitaji protini gramu 60 hadi 72 kwa siku. Ugali na mchicha havifikishi hesabu hiyo.

Balaa huanzia kwenye ushauri wa zamani. Kabla ya kuwekwa kwenye mashine, mgonjwa huyo huyo aliambiwa apunguze nyama, samaki na maharage ili figo zilizochoka zisielemewe. Ushauri ulikuwa sahihi wakati ule. Anapoanza kusafishwa damu hugeuka, naye akikosa mtu wa kumweleza, huendelea kujinyima kwa utii. Misuli hukonda, huku maji yaliyojaa mwilini yakiifanya mizani iseme uongo. Hapana budi apimwe uzito baada ya kusafishwa, na mikono na mapaja yake yaangaliwe.

Wala haitoshi kumwambia ale tu. Dagaa wana protini nyingi, lakini huliwa pamoja na mifupa yenye fosforasi, ambayo mashine haiimalizi. Maharage yana potasiamu, ambayo ikizidi yaweza kusimamisha moyo. Yalowekwe na maji yamwagwe. Ute mweupe wa yai ndio wenye madhara machache. Makopo ya unga wa protini wauziwayo wanyanyua vyuma yasinunuliwe kabla mtaalamu wa lishe hajasoma maandishi yake.

Wapo wanaokataza kula wakati wa kusafishwa, kwa kuwa shinikizo la damu laweza kushuka. Kwa baadhi ya wagonjwa hofu hiyo ni ya kweli, nao wale baadaye. Kwa wengine, saa nne hizo ndizo nafasi bora: mgonjwa yupo, muuguzi yupo, na mayai mawili hayahitaji mtambo. Mwongozo wa madaktari wa figo wa Marekani wa mwaka 2020 unashauri kirutubisho kwa angalau miezi 3, pale chakula na ushauri visipotosha. Bima inayolipia mashine na kichujio yafaa ilipie pia mayai hayo, na muda wa mtaalamu wa lishe.