Urani: Uamuzi Huanzia Kwenye Uchorongaji

Kusini mwa Tanzania, wilayani Namtumbo, kuna mashapo ya urani yaliyopewa jina la Nyota. Yapo karibu na mto Mkuju, katika ardhi ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, lililotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 1982. Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokutana Saint Petersburg mwaka 2012, iliridhia mpaka wa pori usogezwe na kipande hicho kitolewe, kwa hoja kuwa hakifiki hata asilimia 1 ya eneo lote. Mwaka uliofuata, leseni ya uchimbaji ikatolewa.

Watetezi wa mazingira walipaza sauti wakati wa mjadala wa mpaka. Lakini kufikia hapo mashine zilikuwa zimeshachoronga kwa miaka, mashapo yameshapimwa, na mradi umeshauzwa. Mwaka 2011 kampuni ya Australia, Mantra Resources, ilinunuliwa na Warusi wa ARMZ kwa takriban dola bilioni 1 za Australia, bila hata kilo moja ya urani kuchimbwa. Mamlaka ya Mapato ikadai kodi ya mauzo hayo, kampuni ikapinga. Nani angethubutu kusema mashapo ya thamani hiyo yaachwe ardhini?

Hilo ndilo linalosahaulika kuhusu leseni za utafutaji. Hutolewa kimyakimya, kwa maelezo kwamba ni utafiti tu, ilhali ndizo zinazojenga nguvu ya kudai mgodi baadaye.

Kazi yenyewe huanza angani, ndege ikipita chini kupima mionzi ya gama. Wajiolojia hufuata kwa miguu na vipimo vyao, kisha mashine za uchorongaji. Vumbi la mwamba la kila mita hujazwa kwenye mfuko wake, na mifuko hupangwa safu kando ya shimo ili isomwe mmoja mmoja. Shimo lisipozibwa vizuri, tabaka mbili za maji zilizotengana chini ya ardhi zinaweza kuungana. Mifuko ikitelekezwa, jua huipasua na vumbi hutawanyika. Kwa haki, madhara haya ni madogo yakilinganishwa na ya mgodi, na kampuni makini huyazuia. Shida ni uhakiki: porini, mbali na barabara, mkaguzi hufika kwa nadra, na anapofika mara nyingi huwa amepelekwa na gari la kampuni.

Tena wawekezaji hawa huja na kuondoka kwa kufuata bei. Wajerumani wa Uranerzbergbau walitafuta urani nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, wakafunga virago mapema miaka ya 1980 bei ilipoanguka. Mwaka 2007 bei ilipanda hadi zaidi ya dola 130 kwa ratili, na leseni zikagombaniwa upya. Ikaja ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011, soko likaporomoka, na mradi wa Mkuju ukasimama kwa miaka. Kule Bahi, Dodoma, wakulima wa mpunga na wavuvi waliishi na hofu ya maji yao huku kampuni ya Uranex ikitafuta urani. Baadaye kampuni hiyo ilibadili jina kuwa Magnis na kuhamishia nguvu zake kwenye madini ya kinywe huko Ruangwa.

Wanaounga mkono uchimbaji wana hoja nzito. Dunia inatafuta umeme usiozalisha hewa ya ukaa, na Namibia imechimba urani Rössing tangu 1976 na kupata ajira na mapato. Wilaya kama Namtumbo haina miradi mingi ya ukubwa huo. Ila hesabu ya upande wa pili iwekwe mezani pia: mwamba wa Nyota una takriban gramu 300 za oksidi ya urani kwa tani. Karibu kila kinachosagwa hubaki kuwa mabaki, na mabaki ya urani hubaki na sehemu kubwa ya mionzi iliyokuwamo kwenye mwamba. Anayeishi nayo ni mwanakijiji, si mwanahisa.

Namibia hiyohiyo inaonyesha kwamba serikali inaweza kuingilia mapema. Mwaka 2021 ilifuta vibali vya kuchoronga vya kampuni tanzu ya Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi, iliyokuwa ikitafuta urani kwenye hifadhi ya maji ya ardhini ya Stampriet, kwa kukiuka masharti. Maji hayo hutumiwa pia na Botswana na Afrika Kusini. Mgodi haukuwepo bado, na kusimamisha kazi kulikuwa rahisi kwa sababu hiyo.

Mkuju nafasi hiyo imeshapita: Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio. Kwa leseni zijazo, masharti matatu yangetosha kuanzia. Maji ya visima na mito yapimwe kabla ya shimo la kwanza, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji. Kampuni iweke dhamana ya fedha ya kuziba mashimo, isirudishwe hadi mkaguzi aliyegharamiwa na serikali aridhike. Na maeneo yasiyoruhusiwa kuchimbwa, yakiwemo mapori ya hifadhi na vyanzo vya maji, yatangazwe kabla ya leseni kutolewa, ili mwekezaji asije miaka kumi baadaye kudai fidia ya mtaji aliokwisha kuuzika huko.