Kompyuta ya Nyumba na Amana Zilizomo



Mwezi huu nataka tutazame jambo ambalo katika nyumba nyingi limeachiwa watoto, hali linawahusu wakubwa kwanza: nalo ni kuupa mfumo wa kompyuta marekebisho yake kila yanapotoka, na kuuhamisha kwenye toleo jipya unapokwisha muda wake. Huenda msomaji akauliza, jambo hili lina nini na dini? Namwomba atazame kilichomo ndani ya kompyuta hiyo. Mumo wasia wa baba, hesabu ya madeni, picha za mama na mabinti wakiwa nyumbani bila ya mtandio, vyeti vya watoto, na pengine daftari la michango ya msikiti pamoja na majina ya mayatima wanaosaidiwa. Mengi katika haya si mali ya mwenye kompyuta. Ni amana, na amana huulizwa.

Kila kompyuta ina programu moja kubwa inayozitawala nyingine zote, nayo huitwa mfumo endeshi. Ndiyo inayofungua mafaili, inayoamuru printa, na inayoamua nani aingie na nani azuiwe. Ulio mashuhuri majumbani ni Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Basi mfumo huu umeandikwa na binadamu, na maandishi ya binadamu hayakosi makosa. Aliyezoea vitabu atanielewa upesi. Kitabu kikishapigwa chapa na kosa likaonekana, mwenye kuchapa hutoa karatasi ya masahihisho. Na mambo yakizidi, hukipiga chapa upya, likawa toleo la pili. Ndivyo ilivyo hapa. Marekebisho yanayotolewa kila Jumanne ya pili ya mwezi ni ile karatasi ya masahihisho. Na kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 ni kuhamia toleo jipya.

Tena kila toleo lina muda wake. Windows XP ilikoma kutunzwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo ikipita, kompyuta haizimiki; huwaka kama jana, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kilichokatika ni yale masahihisho. Tundu litakaloonekana kesho halitazibwa.

Wala tusidhani kwamba matundu haya yajulikana na mafundi wema peke yao. Kampuni inapotoa sahihisho huwa imeutangazia ulimwengu kwamba hapa palikuwa na upenyo, na wezi nao husoma. Tangu saa hiyo ni mashindano baina ya mwenye nyumba na mwizi. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sahihisho la kuziba tundu moja kubwa. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule, yaani baada ya siku 59, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo, kikafunga mafaili ya watu kwa kufuli ya siri na kudai fidia ya dola 300 kwa kila kompyuta. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliingiliwa. Huko Uingereza, mashirika ya hospitali za umma yasiyopungua 81 kati ya 236 yalipatwa na taabu, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kupita 19,000 ikavunjwa. Zilizo nyingi katika kompyuta zilizoingiliwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado yatunzwa. Dawa ilikuwapo, ila haikunywewa.

Ziko nyudhuru ambazo watu huzitoa. Wa kwanza husema, "Mimi maskini, mwizi atachukua nini kwangu?" Huyu amesahau kwamba picha za binti yake si zake peke yake, na kwamba hesabu ya mayatima haikuwa yake hata siku moja. Wa pili hulalamikia gharama ya bando, na kweli marekebisho haya hula bando. Lakini mwenye kununua bando la kutazama mpira dakika tisini asiseme kwamba hana la kuulinda wasia wa babaye. Wa tatu husema, "Lililoandikwa litakuwa." Naam, litakuwa, lakini sisi tumefundishwa tumfunge ngamia kwanza, kisha ndipo tutegemee.

Na liko lililo zito zaidi. Wako wanaotaka toleo jipya wakaliendea kwa njia ya wizi: hununua Windows au programu nyingine iliyovunjwa kufuli, wakaitia katika kompyuta ile ile inayosomeshewa watoto Kurani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika mkutano wake wa Kuwait wa Desemba 1988, lilikata shauri kwamba haki za watungaji na wavumbuzi zimehifadhiwa na sheria, wala haifai kuziingilia. Basi asitudanganye mtu kwa kusema kwamba mwenye mali ni kampuni tajiri ya ng'ambo. Haki ya tajiri nayo ni haki. Na juu ya dhambi iko hasara, kwani aliyeweza kuvunja kufuli hazuiwi na kitu kujiachia mlango wake wa siri.

Sasa tufanye nini? Kwanza, jua ulicho nacho. Bonyeza kitufe cha Windows, andika winver, ubonyeze Enter; kompyuta itakuambia toleo lake. Pili, kabla ya kugusa lolote, toa nakala ya mafaili yote kwenye diski ya nje, ifungue uhakikishe kwamba yasomeka, kisha ichomoe uiweke mbali. Diski iliyoachwa imechomekwa yaweza kufungwa na kirusi pamoja na kompyuta yenyewe. Tatu, kama una Windows 10 ya halali, kuhamia Windows 11 hakulipiwi kitu, mradi kompyuta iwe na memori ya GB 4, nafasi ya GB 64, prosesa iliyokubaliwa, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za zamani hushindwa katika haya mawili ya mwisho.

Ikishindwa, usikate tamaa wala usiitupe. Kwa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10, Microsoft ilitangaza njia ya kujiandikisha ili wapate marekebisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Hiyo ni muhula tu. Njia ndefu zaidi ni kutia mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa Finland aliyekuwa mwanafunzi. Mmoja katika jamaa ya mifumo hiyo ni Ubuntu, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Wenyewe wameruhusu unakiliwe na kugawanywa bure, kwa hivyo hakuna haki ya mtu inayoliwa. Kila miaka 2 hutoka toleo lake la muda mrefu, ambalo hutunzwa miaka 5. Waweza kuujaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kuutia. Lakini jueni mapema kwamba baadhi ya programu za Windows hazifanyi kazi humo; mwenye kazi inayozitegemea na aulize kwanza.

Nanyi vijana, hapa ndipo penye thawabu yenu. Wazee wenu hawakuyasoma haya. Wasaidieni bila ya kuwadhihaki, na msimtoze bibi yenu fedha kwa kazi ya nusu saa. Na atakayekabidhiwa kompyuta ya jirani aitengeneze, asifungue picha wala barua zilizomo. Kupeleleza siri za watu kumekatazwa, na mtengenezaji mwenye kuchungulia hana tofauti kubwa na yule kirusi aliyeitwa kumwondoa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauonekani kwa macho, na kuuziba ni kazi ya jioni moja. Basi mwezi huu, katika kila nyumba inayosoma gazeti hili, baba au mama na aulize: kompyuta yetu ina toleo gani, na nakala yetu iko wapi?

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza amana zetu, zinazoonekana na zisizoonekana. Amin. Wabillahi tawfiq.